Picha ya Aliyetoka

Lo! Kuna vitu mtu akivitazama, mate yenyewe yanakataa kushuka. Mama alikuwa ameketi jikoni kwa binti yake, shavu limevimba, kitambaa mdomoni, na mezani mbele yake gego limelala juu ya karatasi: jeupe, zima, halina hata doa.

"Bado panauma," mama alisema. "Daktari ameling'oa, na bado panauma."

Binti alijua kwa nini. Yeye ndiye aliyeiandika programu inayowaonyesha madaktari wa meno picha za eksirei. Kazi yenyewe si uchawi. Programu inaiweka picha kwenye kumbukumbu ya kompyuta, kisha inaupa mfumo endeshi anwani ya pale ilipo, na mfumo unaifuata na kuichora kwenye skrini. Ukiupa anwani tupu, yaani picha haikufika, mfumo unakataa na kurudisha sifuri, ishara ya kushindwa. Ukiipuuza hiyo sifuri, skrini haibadiliki: picha ya mgonjwa aliyetoka inabaki palepale, jina la aliyeingia juu yake. Uchafu mtupu!

Naye aliipuuza makusudi. Mwanzoni alikuwa ameandika vizuri, mfumo ukikataa skrini iwe nyeusi na onyo litokee. Bosi wake akakunja uso kama aliyelamba ndimu.

"Skrini nyeusi mbele ya wateja? Unataka tuaibike? Acha picha ya zamani ibaki, watapiga nyingine."

Binti akasonya kimoyomoyo, akaifuta ile mistari minne ya onyo, akaenda zake kunywa chai. Na chai ilishuka bila taabu, mfyuu!

"Mama, kwani hukumwambia daktari ni jino lipi?"

"Nilimwambia! Nikamwonyesha na kidole, la kushoto. Akasema mashine inaonyesha la kulia ndilo limeoza." Mama alitoa kitambaa, akatabasamu kwa upande mmoja. "Nilitaka kubisha. Halafu nikaona jina la kampuni yenu pale kwenye skrini. Nikasema ah, hii ni kazi ya mwanangu, haiwezi kukosea. Nikafungua mdomo."

Binti aliinamia karo, akatapika yote. Alipojifuta, alichukua simu akampigia daktari.

"Zima ile programu sasa hivi," alisema. "Niliiharibu mimi, kwa mkono wangu, nikijua."

Mama alilitazama lile gego, akalifunga ndani ya karatasi yake.