Mabuti ya Njano

"Mwalimu, mwambie asishuke hapo!"

Darasa zima lilikuwa limesimama, wengine juu ya madawati. Nilikuwa nimeinua kitabu, picha ikiwatazama wao, kama nilivyofundishwa chuoni. Kwenye picha, msichana mwenye mabuti ya njano alikuwa ameacha njia ili aingie bondeni kuchuma maua. Mguu mmoja ulikuwa bado njiani, wa pili hewani.

"Rudi nyuma, wewe!" Zanyar alimfokea. "Kanyaga ulipokanyaga mwanzo!"

"Huyu hana mama?" mwingine akauliza. "Hakufunzwa kwao?"

Nikacheka. Mimi ni mtu wa utani, nikadhani wanangu nao wameanza kunitania. Kisha nikatazama nyuso moja moja, kicheko kikaniishia mdomoni.

Vitabu vilikuwa vimefika wiki ile kwenye katoni, zawadi ya watu wa mjini wanaopenda watoto wasome. Vyote vilikuwa vya majira ya kuchipua: kifaranga anatoka kwenye yai, mbegu inaamka, mvua inagombana na jua. Theluji ilikuwa bado imejificha kwenye vivuli vya kuta, na jiko la mafuta darasani lilitoa moshi kuliko joto. Bi Gelawezh, mwalimu mkuu wetu, alinikabidhi vile vitabu kama anayekabidhi watoto wachanga.

"Uwasomee kabla ya sikukuu ya Newroz," aliniambia. "Na usivishike kwa mikono yako ya mafuta ya kondoo."

"Mkuu, kondoo mwenyewe nimemwona lini?"

Nilichagua kile cha mabuti ya njano kwa sababu ya picha zake. Aliyezichora alijua kazi. Theluji yake ilikuwa inayeyuka kweli, ungeweza kusikia matone. Na lile bonde, jamani! Majani mabichi mpaka ukingo wa karatasi, maua mekundu, meupe, ya zambarau. Lilifanana na bonde letu, lililo nyuma ya shule. Nami nikafurahi kwamba linafanana.

Sisi tunakaa milimani, juu ya mji wa Penjwin, karibu na mpaka. Vita vya nchi mbili vilipita hapa kabla watoto hawa hawajazaliwa, askari wakaenda zao, mabomu waliyoyatega yakabaki ardhini. Kila mwaka theluji ikiyeyuka, maji huyatoa mahali pake na kuyapeleka yanakotaka. Mtoto wetu hujua mawe kabla ya herufi. Jiwe lililopakwa rangi nyekundu, usivuke. Jiwe jeupe, watu wa vipimo, wanaotegua mabomu, wameshapita, nenda. Jiwe lisilo na rangi, Mungu ndiye anajua.

Na mawe ya kitabuni hayakuwa na rangi.

"Ngojeni," nikasema. "Tutamwokoa."

Nilikwenda mezani kwa Bi Gelawezh nikachukua kichupa chake cha wino mweupe wa kufutia makosa. Nikarudi, nikakilaza kitabu juu ya dawati, watoto wakanizunguka kama nyuki. Nikaanza kupaka mawe, moja huku, moja kule, njia nyeupe kupita katikati ya maua. Wao ndio walioniongoza. Hapa mwalimu, acha nafasi. Hapo pana maji, usiamini. Zanyar alinigombeza kwa sababu jiwe moja nililiweka karibu mno na mti.

"Haya," nikasema. "Sasa apite?"

"Apite!"

"Mwalimu," ilisema sauti ndogo. "Umepima kwanza?"

Alikuwa Kazhal. Mtoto mwembamba, nywele kama manyoya ya ndege aliyelowa, hazungumzi mpaka aulizwe. Siku hiyo hakuna aliyemuuliza.

"Nimepima kwa jicho," nikamjibu. "Jicho la mwalimu ni mashine."

Wenzake wakacheka. Yeye alisogea mbele, akaweka kiganja chake katikati ya ukurasa, juu ya bonde.

"Basi usifunue ukurasa," akasema. "Ukifunua atakanyaga."

Vidole vyake vilikuwa na madoa mekundu kwenye kucha, na hapo nikaelewa ninazungumza na mtoto wa nani. Yale madoa ni ya rewas, mashina machachu yanayoota milimani theluji ikiondoka. Watu huyamenya, huyatia chumvi, huyatafuna mpaka meno yanalia. Mama yake, Piroz, alikuwa akiyachuma kule juu kila alfajiri na kuyauza barabarani, tangu mumewe alipofariki. Kule juu, yanakoota manene, mawe hayana rangi.

Nilikiacha kitabu wazi juu ya kabati, kwenye ukurasa uleule. Bi Gelawezh alipouona ule wino alishika kichwa.

"Kitabu cha zawadi, Hawkar! Umekipaka kama ukuta!"

"Njia ya usalama hiyo, mkuu."

"Ya nani?"

Nikamrudishia kichupa chake.

Jioni nilikwenda kwa Piroz. Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima, mengine mazuri kabisa. Nilimkuta amekaa kwenye mkeka, rundo la rewas mbele yake, Kazhal ubavuni anamenya. Akanikaribisha, akanimiminia chai, akamtuma mtoto alete sukari kwa jirani, na mtoto alipotoka akanitazama.

"Mwalimu, najua ulichokuja nacho."

"Dada Piroz, mtoto halali usiku."

"Mimi je, nalala?" Aliendelea kumenya. "Napita walipopita mbuzi. Palipo na kinyesi kipya ndipo ninapoweka mguu. Nikipoteza njia nasimama, nangoja mbuzi mwingine."

"Na mbuzi akikosea?"

"Atanitangulia." Akacheka, kicheko kifupi, kisha akakiacha. "Nitafutie kazi nyingine, mwalimu. Uliza huko shuleni. Kufagia, kupika, chochote. Ukiipata, kesho sipandi."

Shuleni hakukuwa na cha kupika, na mfagiaji alikuwa mimi. Mshahara wetu wenyewe ulikuwa kama mvua ya kiangazi, tunausikia tu kwa jirani. Yale maneno mazuri niliyokuja nayo yote yalikuwa ya mtu mwenye kitu mkononi.

Akachagua shina nene, akalimenya, akalinyunyizia chumvi, akanipa. Kwetu mgeni hakatai. Nikalitafuna. Lilikuwa chachu, baridi, na tamu kuliko yote niliyokula mwaka ule.

"Zuri?" akauliza.

"Zuri," nikasema.

Newroz ikaja, mwaka wetu mpya, tukawasha mioto, tukacheza tumeshikana mikono mpaka mabega yakauma. Shule ilipofunguliwa tena, jua lilikuwa limeshamaliza theluji na bonde lilikuwa limeiva rangi, la kitabuni na la kwetu. Kila asubuhi Kazhal alipoingia alipita kwanza kabatini, akatazama kama mabuti ya njano bado yako palepale, ndipo akaenda kukaa. Nikizoea kumtania mtu nashindwa kuacha, lakini yeye sikumtania.

Tulikuwa kwenye hesabu mlipuko uliposikika.

Haukuwa mkubwa. Wageni hudhani huwa mkubwa. Ni kama mtu amefunga mlango mzito kwenye nyumba ya mbali. Vioo vilitikisika kidogo, jiko likakohoa, basi. Kalamu zote zikasimama. Moshi mwembamba ulionekana dirishani ukipanda, juu kabisa, upande wa rewas.

Hakuna aliyemtazama Kazhal. Hilo nalo wamefundishwa, sijui na nani.

Kwetu mlipuko ukilia hukimbilii. Mguu wa pili kukatika huwa wa anayekwenda kusaidia. Wanaume huenda polepole, kwa kamba na fimbo, mmoja nyuma ya mwingine, na wengine wote hukaa walipo. Kwa hiyo tulikaa. Bi Gelawezh alikuja akasimama mlangoni, mkono kinywani. Mimi niliyechekesha watu hata matangani nikafuta ubao, nikakaa.

Kazhal aliinuka. Akaenda kabatini, akakichukua kitabu kwa mikono miwili bila kukifunga, akaja nacho, akakiweka mapajani mwangu.

"Funua, mwalimu."

"Kazhal, mwanangu..."

"Ameshakanyaga. Funua tuone."

Nikafunua. Ukurasa uliofuata msichana alikuwa katikati ya bonde, maua yamemfika kiunoni. Nikasoma. Akachuma la kwanza, akachuma la pili, akamwona kipepeo. Mwisho wa kitabu anarudi nyumbani, na mama yake amesimama mlangoni akimngoja. Nikafika hapo nikashindwa kusoma. Kazhal akaweka kidole chini ya maneno, akasoma mwenyewe, herufi moja moja, mpaka nukta.

Tulingoja. Jua lilihama kutoka dawati la mbele hadi la nyuma.

Aliyekanyaga alikuwa nyumbu wa kubebea mizigo wa mzee mmoja wa kijiji cha chini. Piroz alishuka na wale wanaume, amefungwa kamba kiunoni kama wao, rundo lake mgongoni, uso umejaa vumbi. Alipita uwanja wa shule bila kusimama. Akainua mkono tu, upande wa dirisha letu. Kazhal naye akainua wake. Kisha akachukua kitabu, akakirudisha nyuma mpaka ukurasa wa bonde, akakiweka juu ya kabati.

Kesho yake mama yake alipanda tena. Kesho yake nyingine nilinunua rewas barabarani, kutoka mkononi mwake. Kama nisingenunua, ningekuwa nimemsaidia nini?

Miaka imepita. Kazhal ana watoto wake, mjini Sulaimani. Piroz magoti yamemkatalia mlima, yeye anasema mlima ndio umemchoka. Watu wa vipimo walikuja hatimaye, wakasafisha nusu ya chini ya bonde na kuweka mawe meupe, mazuri, yamepangwa. Nusu ya juu wanasema watarudi.

Kitabu bado ninacho. Mwaka huu niliwasomea wadogo wa darasa la kwanza, na tulipofika kwenye ule ukurasa nilingoja kelele. Hazikuja. Kitoto kimoja cha mbele, hakina meno mawili, kilinyoosha kidole kwenye ule wino wa kufutia makosa, umegeuka njano kidogo kwa uzee.

"Pita tu, mwalimu," kikaniambia. "Pamepimwa."

Wote wakaitikia kwa vichwa. Wakaningoja.

Nikashika pembe ya karatasi, mimi niliyepima kwa jicho tu. Mguu ulikuwa bado hewani.