Aliyelala Mahali Pangu

Picha yangu ilikuwa ukutani, juu kidogo ya kichwa changu, kwenye kigae cha mviringo kisichozidi kisosi cha kikombe. Nimevaa lile shati nililovaa kwenye harusi ya dada yangu, nywele nimezilaza kwa mafuta, nacheka kidogo. Chini ya picha waliandika jina langu, mwaka niliozaliwa na siku niliyokufa: tarehe nane Juni, mwaka 2531 kwa hesabu yetu ya Kibuddha. Chini yake, sakafuni, palikuwa na chupa ya soda nyekundu, mrija ndani, sisimizi wameshaizunguka.

Nilijisoma mara mbili. Shule niliipata kwa kuokotaokota, mwaka hapa, miezi sita pale, kwa hiyo nilidhani huenda ninakosea herufi. Sikukosea. Kigae cha jirani, upande wa kushoto, kilikuwa cha mama.

“Usiseme neno,” dada Samniang aliniambia kwa nyuma. “Washa udi kwanza.”

Leo nimepita miaka sabini, nimelala katika bandari nyingi kuliko ninavyoweza kuzitaja, na bado nikifumba macho nauona ukuta ule.

Asubuhi ya siku hiyo nilikuwa nimetimiza wiki tatu tangu nirudi Bangkok. Miaka kumi na mmoja sikuwa nimetia mguu kwetu Thonburi, wala sikuandika barua. Nilipobisha mlango wa nyumba ya mama, ile ya mbao ukingoni mwa mfereji, dada alifungua akasimama. Hakulia. Alinishika masikio yote mawili akayavuta, kama mtu anayepima papai sokoni, kisha akaingia ndani akanifungia nje. Alifungua tena baada ya saa nzima, amebadilisha nguo, akaniuliza kama nimekula.

Tangu hapo mambo hayakukaa sawa. Muuza tambi wa pembeni mwa mtaa, aliyenijua tangu natambaa, alidondosha upawa ndani ya supu, akanitazama miguuni, kama mtu anayekagua mzimu, kabla ya kunitazama usoni.

“Iko miwili, shangazi,” nikamwambia.

“Naiona, mwanangu. Ashukuriwe Buddha. Lakini leo supu imekwisha.”

Sufuria ilikuwa imejaa hadi mdomoni.

Nikitaja kwenda ofisi ya wilaya kuchukua kitambulisho kipya, dada alikuwa na sababu mkononi. Jumatatu foleni. Jumanne anaumwa mgongo. Jumatano ni mwiko kunyoa nywele, na bila kunyoa picha itatoka kama ya jambazi. Na mimi nilijua jambo moja: nyumba ile mama alituachia sote wawili, na mtu asiye na kitambulisho hana nyumba. Kikulacho ki nguoni mwako. Nikaanza kulala jicho moja wazi, nikisikiliza dada akifungua na kufunga kabati lake la chuma.

Ndipo jioni moja, akiosha mchele, akasema, “Kesho twende Ayutthaya.”

“Kufanya nini?”

“Kutembea. Unakwenda asubuhi, unarudi jioni. Bangkok nzima inakwenda.”

Dada yangu hajawahi kutembea bila sababu tangu azaliwe.

Tulipanda treni ya daraja la tatu, madirisha wazi, upepo unatupiga na vumbi la reli. Wageni wenye mifuko mikubwa mgongoni walikuwa wakipiga picha mashamba ya mpunga. Mwanamke alipita akiuza kuku wa kuchoma na wali wa kunata. Dada alikuwa amebeba chakula katika vyombo vya kupandana, maua meupe, vijiti vya udi, na mkoba mweusi ambao aliuweka katikati ya miguu yake akaubana. Nilipotaka kumsaidia kuubeba alinipiga kibao mkononi. Alipokwenda msalani alikwenda nao. Lakini aliporudi zipu ilikuwa imeachia kidogo, nikaona bahasha ya rangi ya udongo, na juu yake garuda, yule ndege wa muhuri wa serikali.

“Nini hicho?”

“Karatasi.”

“Za nyumba?”

“Kula kuku wako, Chian.”

Nilikula. Na kila tonge nilipolimeza nilikuwa naipanga kauli yangu: sitii kidole changu kwenye karatasi yoyote, hata wanishikie panga. Tuliposhuka, tulivuka mto kwa kivuko, tukayapita magofu ya mji wa kale bila kuyatazama, tukaingia hekalu dogo nyuma ya bustani ya migomba, lile ambamo majivu ya watu wa ukoo wa mama huwekwa ukutani. Hata hapo nilikuwa nasubiri mwanasheria atokee nyuma ya nguzo.

Badala yake nilikutana na mimi.

Udi niliuwasha, kwa sababu mikono ilihitaji kazi. Kisha nikageuka.

“Kwa hiyo mlinizika ili upate nyumba.”

Nilitegemea atalia au anipige. Dada Samniang alikaa chini kwenye sakafu, akakunja miguu upande mmoja kama mtu anayemsikiliza mtawa, akafungua mkoba, akanipa ile bahasha. Ndani mlikuwa na cheti changu cha kifo. Hapakuwa na karatasi nyingine.

“Walinipigia simu kutoka bandari ya Songkhla, kwamba chombo chenu cha uvuvi kimezama,” alisema. “Nilisafiri siku nzima. Maiti waliwalaza kwenye ghala la samaki, juu ya barafu. Tisa. Walikuwa wamekaa majini siku nyingi, Chian, nyuso hazikuwepo. Polisi akasoma orodha ya mabaharia, na jina lako lilikuwemo. Nikasema, sikubali orodha, karatasi husema uongo. Mgeuzeni huyu mrefu nione mgongo.”

Alinyoosha kidole kwenye mabega yangu.

“Wakamgeuza. Simbamarara wawili wa kuchanjwa, kama wako, wanatazamana. Maandishi yale yale ya Kikhmer juu yao. Ningekataaje tena?”

“Na ukanyamaza wiki tatu?”

“Mtu mzima wa afya haambiwi kwa mdomo kwamba alishakufa. Ni kumwitia kifo. Mama hakukufundisha? Ilikuwa lazima ujisomee mwenyewe, ndani ya uzio wa hekalu, watawa wakiwa karibu. Mtaa mzima nimeupigia magoti wasikwambie. Tukitoka hapa ndipo twende ofisini, nikawaambie kosa ni langu. Ungeanza na ofisi, karatasi ingefutwa, na roho ingebaki ukutani.” Alijifuta pua kwa kiganja. “Nyumba! Na paa lile linavyovuja, anayeitaka nani?”

Nilikaa karibu yake. Ningeweza kunyamaza, na jambo lingeishia hapo: dada mwenye kosa, kaka aliyeonewa, tunakula wali, tunarudi kwa treni ya jioni. Nimefikiria mara nyingi jinsi ambavyo ingekuwa rahisi.

“Namjua,” nikasema.

Wale simbamarara tulichorwa siku moja, mimi na Bunloet, kwa mtawa mmoja wa Nakhon Pathom, sindano moja. Yeye alikuwa mtu wa Surin, mkoa wa mpakani wanakosema Kikhmer, mwana wa mama mfuma hariri. Alikuwa ameshuka kusini kutafuta kazi ya uvuvi, na kazi haikupatikana. Mimi kazi nilikuwa nayo, na nilikuwa nimeichoka. Asubuhi ya kuondoka niligombana na nahodha juu ya kitu ambacho hata sikikumbuki. Palikuwa na meli ya mizigo inakwenda bandari ya Penang, nchi jirani, inatafuta mpishi. Nahodha wa uvuvi alikuwa na desturi ya wenzake wote pale bandarini: akisoma orodha hainui macho. Jina likiitikiwa, mtu yupo. Hahesabu nyuso, anahesabu sauti.

Nikamwambia Bunloet: likitajwa jina langu, itika wewe.

Alifurahi! Alinikumbatia. Nilisimama nyuma ya masanduku ya barafu nikamsikia akiitika, “Nipo!” kwa sauti kubwa kupita kiasi, nikacheka, nikaenda zangu.

Dada alinisikiliza hadi mwisho. Halafu macho yake yakabadilika. Nilizoea kumtazama yeye kwa jicho la wasiwasi. Sasa ni yeye aliyenitazama hivyo, polepole, kuanzia miguuni, kama muuza tambi.

“Penang hamkusikia kwamba chombo kimezama?”

Nge alikuwa akipita chini ya ukuta. Tulimtazama sote mpaka akaingia kwenye ufa.

“Tulisikia chombo kimezama,” nikasema. “Vyombo vinazama kila mwaka.”

“Kipi?”

“Sikuuliza jina.”

“Kwa nini?”

Mtu haulizi jina la kitu ambacho tayari anakijua. Kila bandari niliyofika nilijiambia Bunloet amerudi kwao, ameoa, amenenepa. Na kwa sababu kuandika nyumbani kungeleta jibu, sikuandika nyumbani.

Dada aliinuka akaenda kusimama mbele ya kigae, mgongo kwangu.

“Kila mwaka nimekuja,” aliuambia ukuta. “Soda, maua, wali. Alipokufa mume wangu, nilikuja nikakaa hapa kutwa nzima, nikamwambia huyu. Yale ambayo sikumwambia mtu, nilimwambia huyu. Kumbe naongea na mtu wa Surin.”

“Huenda alikuwa msikilizaji mzuri.”

“Kuliko wewe, ndiyo.”

Mtawa tuliyempata alikuwa kijana, miwani imefungwa kwa uzi. Dada alimwinamia, viganja pamoja, akamuuliza swali lililokuwa likimchoma: thawabu za miaka kumi na mmoja, alizozipeleka kwa kumimina maji kwa jina langu kamili, Wichian, zilimfikia nani?

Mtawa alisukuma miwani juu ya pua. “Sijui, mama,” alisema. “Mwalimu wangu angejua, lakini amelazwa hospitali.” Alipoona uso wa dada akaongeza haraka, “Tumimine tena leo, kwa jina lake hasa. Jina lake kamili ni nani?”

Wakanigeukia wote wawili.

Nilikuwa nimelala kitanda kimoja na mtu huyu kwa zamu, yeye akiamka mimi nalala penye joto lake. Nilijua kwamba anaogopa kunyolewa na mtu mwingine, kwamba mama yake anakaa karibu na kituo cha treni cha Sikhoraphum, kwamba akiota husema Kikhmer. Jina la ukoo wake sikuwahi kuliuliza.

“Bunloet,” nikasema. “Wa Surin.”

Mtawa akaimba sala kwa jina hilo nusu. Dada alimimina maji, nami nikamshika kiwiko kwa ncha za vidole, kama inavyotakiwa. Hakukivuta kiwiko, lakini hakukilegeza pia.

Mtunza hekalu, mjomba Phut, alikuja na nyundo, tindo na ngazi fupi, akatazama kigae, akanitazama mimi, akatazama kigae tena.

“Nimefungua kuta hizi kwa miaka thelathini,” alisema. “Mwenye kaburi hajawahi kunishikia ngazi. Shika vizuri, kijana, usife mara ya pili.”

Saruji ilitoka vipande vipande. Chungu kilikuwa kidogo, cheupe, kifuniko kimefungwa kwa waya. Nilinyoosha mkono. Dada alinitangulia. Alikifunga kwa kitambaa cha meza alichofungia chakula, akaliacha shimo wazi, na kile kigae chenye uso wangu akampa mjomba Phut aende kukivunja mahali ambapo hatutasikia.

Kituo cha Ayutthaya kina hili la ajabu, kwamba reli inayokurudisha Bangkok ndiyo inayokwenda pia kaskazini mashariki, hadi Surin. Mtu anachagua upande wa kusimama tu. Mchana ulikuwa unaelekea kwisha. Nilimwambia nitampeleka Bunloet kwa mama yake mwenyewe, nimweleze mama yule yote, kisha nirudi Thonburi. Yeye ana mgongo mbovu, atangulie nyumbani.

“Utarudi lini?”

“Keshokutwa.”

“Mara ya mwisho ulisema Ijumaa.”

Wageni wa asubuhi walikuwa wamejaa jukwaani, wamebabuka pua kwa jua, wanakula roti, chapati laini zenye nyuzi za sukari, na kuoneshana picha. Treni ya Bangkok ilifika. Wakapanda. Mlinzi wa kituo akapuliza filimbi. Dada alikuwa bado amekaa kwenye benchi, kile kitambaa mapajani.

“Dada, treni yako.”

“Nimeiona.”

Ikaondoka. Tulikaa hapo hadi ile ya kaskazini mashariki ilipoingia, nusu saa baada ya wakati wake. Nikanyoosha mikono kupokea chungu. Alinipita, akapanda ngazi za behewa moja moja, mkono mmoja umeshika chuma, mwingine umemkumbatia Bunloet.

“Hii ni safari ya saa sita,” nikamwambia. “Na hukubeba hata nguo.”

“Huyu simwachi mikononi mwako,” alisema bila kugeuka. “Ulishawahi kumwacha.”

Akapata kiti cha dirishani, akampakata, akanionesha kwa kidevu nikae kiti kinachomkabili, si cha ubavuni. Nikakaa. Treni ikang'oka. Nje mpunga ulikuwa umeiva, na jua limelalia upande wake, na mpaka tunapita Saraburi dada yangu hakuwa ameutazama hata mara moja; macho yake yalikuwa kwangu.