Mke wa Sajini Avaa Nyota

Alianzia chini kabisa, akibeba machela. Akapanda akawa muuguzi msaidizi, kisha muuguzi kamili, na kila alipotaka kupanda ngazi jeshi lilimrudisha kwanza darasani. Mwaka huu alirejea kutoka chuo cha tiba akiwa afisa tabibu, nyota mbili begani. Mumewe alikuwa sajini, dereva wa gari la wagonjwa kambini hapo hapo.

Asubuhi ya kwanza walikutana mlangoni mwa zahanati. Mume akakakamaa, akapiga saluti.

"Jambo, afande."

Mke aliirudisha, lakini uso uliwaka kwa haya. Muda mfupi tu uliopita mtu huyu alikuwa jikoni na taulo kiunoni, akiulizia sukari.

Hata kiti hakijapata joto, simu ikalia: kuruta ameanguka akiruka vizuizi, kule bondeni. Wakaondoka. Ukungu ulikuwa umeshuka hadi chini. Miti ilijitokeza mmoja mmoja kando ya barabara, ikawatazama, ikayeyuka. Gari lilikwenda polepole, kana kwamba matairi hayagusi ardhi. Mke alijihisi yumo ndani ya ndoto ya mtu mwingine.

Kuruta alilala kwenye nyasi mbichi, midomo imebadilika rangi, akihema kwa taabu. Upande mmoja wa kifua haukupanda. Hewa ilikuwa imevuja ndani na sasa inalikandamiza pafu. Tatizo mke alilijua, na tiba yake aliijua: sindano nene katikati ya mbavu, hewa itoke. Lakini mkono wake ukaifuata redio ya upepo, kama ulivyozoea miaka yote, kumwomba daktari ruhusa.

Mumewe alikuwa amepiga magoti, ameshika kichwa cha mgonjwa.

"Afande," akasema kwa sauti ya chini, "sasa anayeulizwa ni wewe."

Mke akaiacha redio. Akapapasa mbavu, akasafisha ngozi, akachoma. Hewa ikatoka kwa mlio mwembamba, kama 'shii' ya mama anayembembeleza mtoto. Kifua kikapanda. Baada ya kitambo kuruta akafumbua macho.

"Kile kizuizi nimekivuka?"

"Umekivuka," sajini akamjibu, ingawa hakuwepo.

Wakamfikisha hospitali kuu, wakamkabidhi kwa madaktari wa upasuaji, akiwa anapumua vizuri.

Jioni mke alikaa ukingoni mwa kitanda, bado na buti miguuni. Mumewe akachuchumaa, akaanza kumfungua kamba za buti.

"Niliogopa," mke akasema. "Nilitazama juu kutafuta wa kumuuliza, sikuona mtu."

"Mimi nilikuona wewe."

"Na ile saluti? Haikukuuma?"

Mume akafikiri, vidole vikihangaika na fundo.

"Asubuhi iliniuma kidogo, nisikudanganye. Kule bondeni nikasahau." Akavuta buti la kwanza likatoka. "Ila humu ndani, mama, nyota zinabaki kwenye shati. Leo zamu ya vyombo ni yako."

Akangoja jibu. Mkewe alikuwa ameshajilaza, usingizi umemchukua, buti la pili bado liko mguuni.