Mtoto wa Ukubwa Ule Ule

Nilimwona mwanangu kwa mara ya kwanza kwenye karatasi. Wifi yangu aliishika kwa ncha za vidole, akaniambia nisiguse katikati, wino haujakauka sawasawa.

Nilikuwa nimejifungua kwa upasuaji siku mbili kabla, wiki tisa mapema. Mtoto alikuwa ghorofa ya juu, ndani ya sanduku la kioo la kumpa joto. Mimi chini, presha imegoma kushuka, nimekatazwa hata kuinuka. Mume wangu alikuwa amenionyesha picha kwenye simu. Kabla sijamwona vizuri kioo kikazima, nikabaki naona uso wangu mwenyewe uliovimba. Nikaamini kuna jambo wananificha. Na maziwa hayakutoka. Muuguzi alinikamua mpaka machozi yakanilengalenga, kikombe kikabaki kikavu.

Wifi alikuwa msusi. Printa yake aliinunua ili achape mitindo ya nywele na kuibandika ukutani saluni. Ilikuwa ya bei ya chini kuliko zote dukani, plastiki tupu, nyepesi. Mume wangu alipoiona mezani kwake alicheka: "Dada, hii printa au mashine ya kubanika mkate?" Ikianza kazi ilikoroma na kutikisa meza nzima.

Sasa alinilazia ile karatasi kifuani.

"Ndivyo alivyo hasa, ukubwa ule ule," alisema. "Muuguzi alinipimia unyayo wake, nami nikachapa na kuchapa mpaka ukalingana. Nimeharibu karatasi nne, usimwambie kaka."

Mtoto mzima, amejikunja, alienea kwenye karatasi moja. Nikaona mshipa wa buluu penye kipaji, vinyweleo vya mabegani, kucha ndogo kama punje za ufuta. Mashine ile ya kuchekwa haikuwa imeruka kitu. Katikati ya nyusi palikuwa na kunyanzi nililolijua tangu utotoni.

"Wifi, huyu amenuna!"

"Amenuna kama marehemu baba yako. Juu kule wauguzi wanamwogopa."

Nikacheka, mshono ukaniuma, nikacheka tena. Ndipo nilipohisi gauni limelowa kifuani. Wifi aliona kabla sijasema. Alitoka mbio kutafuta kikombe, chanuo likiwa bado limechomekwa kichwani mwake.

Tangu hapo, kila asubuhi kabla ya kufungua saluni, aliniletea picha mpya, nami nikampa kikombe apandishe juu.

Siku ya kumi na mbili niliruhusiwa kupanda, nikijikokota huku nimeshika ukuta. Kulikuwa na masanduku sita. Muuguzi akainua mkono anielekeze.

"Usinionyeshe," nilimwambia.

Nikaenda moja kwa moja hadi la tatu, karibu na dirisha, nikapitisha mkono kwenye tundu. Unyayo wake ulikuwa vile vile nilivyouzoea. Nilichokuwa sikijui ni joto lake tu.