Kumi na Wawili Walioongezeka

Mzee alifanya kazi miaka ishirini na mitatu katika kiwanda cha kuyeyusha betri, akatoka na mapafu mabovu na kikohozi kisichosikia dawa. Alipoona watoto wa majirani nao wameanza kukohoa, akaanza kupita nyumba kwa nyumba kuwaomba watu wakubali kiwanda kifungwe. Alipita mwaka mzima. Wengine walimpa kiti, wengine walimfungulia mbwa. Nusu ya mtaa ilikula kwa kiwanda hicho.

Binti yake alikuwa mtakwimu katika ofisi iliyopewa na baraza la mji kazi ya kupima maoni. Yakionekana yamebadilika, baraza lingejadili. La sivyo, faili lifungwe. Mwaka uliotangulia, kati ya watu mia nne walioulizwa, tisini na sita walitaka kiwanda kifungwe. Safari hii waliulizwa mia nne wengine, wakapatikana mia na wanane.

Baba alipozisikia namba hizo alicheka, na hakuwa amecheka siku nyingi. Binti akamwomba asifurahi kwanza.

Kesho yake ofisini alifanya jaribio la kai-mraba, lile linaloonyesha kama tofauti imezidi ile inayoweza kuletwa na bahati tu ya nani kaulizwa. Ilibidi afikishe tatu nukta nane nne. Alipata sifuri nukta tisa tano. Akarudia kwa kalamu na karatasi, jibu likawa lile lile. Mkuu wake alisimama nyuma ya kiti, akatazama, akaondoka. Binti akaandika: hakuna mabadiliko.

Jioni alimweleza baba yake kwamba wakiulizwa mia nne wengine, huenda hao kumi na wawili wakapungua bila mtu yeyote kugeuza maoni yake.

"Fundi cherehani amegeuka," baba akasema. "Mwalimu mstaafu pia, nilikaa naye mpaka akalia. Hao si watu?"

"Ni watu, baba. Ila hawatoshi."

"Walitakiwa wangapi?"

"Waongezeke ishirini na watano."

Mzee akahesabu kimoyomoyo. Kikohozi kikamkamata, kikamshikilia muda mrefu.

"Bado kumi na watatu," akasema kilipomwachia. "Mwaka mwingine kama huu sina, mwanangu."

Baraza lilifunga faili Jumanne, kwa dakika mbili, na kiwanda kikaongezewa kibali cha miaka kumi. Binti alipomletea habari hizo, mzee aliomba maji, akanywa nusu, akageukia ukutani.