Mama Yudith Kwenye Bango

Hasira za Editha hazikuwa za kitoto. Picha aliipiga mwenyewe, kule Mtera, siku ya harambee ya kanisa: Mama Yudith, mwenyekiti wa akina mama, kafumba macho kwa kucheka, mkononi kashika kibuyu cha togwa. Akairusha kwenye grupu la waumini kama kawaida yake, bila jina lake wala alama, maana mle wote ni ndugu. Ndugu gani akaitoa mle akaitupa mtandaoni, Mungu anajua. Leo imesimama kwenye bango Dodoma mjini, kubwa kuliko mlango wa kanisa, na maneno mekundu: POMBE ILINIHARIBIA MAISHA.

Togwa, jamani, uji mtamu usiolevya! Mama wa watu pombe hajawahi hata kuionja. Sasa kijiji kizima kinanong'ona, wengine wanasema Editha kamuuza, na wazee wa kanisa wamemwita mama Jumapili ajieleze. Uenyekiti unamponyoka hivi hivi.

Editha akapanda basi hadi kwenye shirika lenye bango. Akapokelewa na Augustino, kijana wa mawasiliano, shati limenyooka, maneno matamu.

"Dada, picha tuliikuta mtandaoni. Na sisi hatufanyi biashara, tunaelimisha jamii. Hiyo inaruhusiwa."

"Nani kakudanganya? Mnaelimisha kwa kumzushia mtu? Picha ni yangu!"

"Una uthibitisho?"

Akamfungulia simu, picha za siku ile zote. Augustino akakuna kichwa.

"Kweli, ni yako. Tumekosea, dada. Kabla ya Jumapili tutakuwa tumerekebisha."

Editha akarudi Mtera kifua mbele. "Mama, yamekwisha!" Lakini Mama Yudith alitaka kuona kwa macho yake, apate la kuwaambia wazee. Jumamosi wakaenda wote wawili.

Bango lilikuwa pale pale. Kibuyu kile kile, maneno yale yale mekundu. Kilichoongezeka ni mstari mmoja chini, kwa herufi safi kabisa: Picha na Editha Ndahani.

Editha alitamani ardhi immeze. "Mama, mimi sikuwaambia hivi..."

Mama Yudith alisoma taratibu mpaka mwisho. Hakupiga kelele, na afadhali angepiga.

"Wazee walipokuja kuniita, waliniuliza kama ni wewe uliyeniuza," alisema. "Nikawaapia kwamba si wewe, mwanangu."

Akajifunga kitenge chake vizuri, akaenda kutafuta basi peke yake.