Alichokisema Herieth Kibo

Wazo la kupanda Kilimanjaro lilikuwa la Herieth. Kila mtu katika klabu yao ya jogging pale Tandale alilijua hilo, maana mwaka mzima alikuwa akiwaburuta kwenye vilima vya Pugu kila Jumamosi, wengine wakimlaani kimoyomoyo. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mrefu, asiyecheka ovyo.

Badriya alijiunga mwezi wa saba, akitokea Mbezi Beach. Alikuja na mtandio mwekundu na kicheko chake, na wiki mbili hazijaisha alikuwa anajua majina ya watoto wa kila mwanachama. Herieth mwenyewe alimpenda. Ndiye aliyemfundisha kupanda bila kukimbiza pumzi, ndiye aliyemchagulia buti. Wakawa wanaitana shoga.

Zikabaki wiki tatu wasafiri. Jumapili moja baada ya mazoezi, watu wakinywa supu, mwenyekiti wao Mzee Audax akauliza nani atashika bendera ya klabu kileleni. Herieth alishaweka kijiko chini, tayari kusimama.

"Badriya!" wakasema watu, karibu wote kwa pamoja. "Anapendeza kwenye picha huyo."

"Jamani, si Herieth ndiye..." Badriya alianza.

"Acha, shoga," Herieth akamkatiza. "Ishu ndogo hiyo."

Supu ilimshinda kumaliza.

Tangu siku hiyo macho yake yakabadilika. Badriya akicheka, aliona anajionyesha. Akinyamaza, aliona anajidai. Alijichukia kwa hilo, lakini kujichukia hakukumsaidia kitu.

Mlimani ikawa mbaya zaidi. Kiongozi wao aliitwa Wilfred, mtu wa Marangu, mwenye sauti ya chini na macho yasiyopitwa na kitu. Siku ya pili, walipokuwa wakielekea Horombo, alimtazama Badriya akaguna kwa kuridhika.

"Dada huyu anatembea kama kazaliwa huku."

Herieth alikuwa hatua mbili nyuma yake. Mwaka mzima wa Pugu, na hakuna aliyemwambia neno kama hilo. Walipofika kambini wenzake wakajipanga kupiga picha, Badriya katikati, mlima nyuma yao.

"Herieth, hebu tupige," wakamwambia, wakimkabidhi simu. Akawapiga.

Siku iliyofuata mchana walifika Kibo, kambi ya mwisho, mahali pakavu, pa mawe na upepo, ambako mtu hufunga kamba za viatu akahema. Wangelala kidogo, kisha saa tano usiku waamshwe kuanza safari ya kilele. Wilfred aliwakusanya.

"Anayeumwa kichwa aseme. Anayeyumba aseme. Mlima huu ukiuficha ugonjwa, unakufukia nao. Badriya, wewe?"

"Mie mzima kabisa."

Lakini walipojilaza, Badriya alimshika Herieth mkono. "Shoga, kichwa kinanipasuka. Tangu asubuhi. Usimwambie mtu, nakuomba. Watanirudisha."

"Sisemi," Herieth akajibu, na wakati ule alimaanisha.

Saa tano walipoamka, Badriya alihangaika kuingiza buti la kushoto kwenye mguu wa kulia. Akacheka peke yake. "Malak, nisaidie," akamwambia Herieth. Malak ni mdogo wake, na alikuwa Dar. Aliposimama aliyumba, akadaka nguzo ya kitanda.

Herieth aliona yote. Angetamani baadaye kusema kwamba aliogopa. Hakuogopa. Kilichomjia kwanza kilikuwa furaha, ndogo, ya moto, kama kaa lililopulizwa. Alitoka nje akamkuta Wilfred akikagua taa.

"Badriya anaumwa," akasema kwa sauti tulivu. "Amekuficha."

Wilfred aliingia, akamtaka Badriya atembee mstari mmoja, kisigino mbele ya vidole. Hatua ya tatu alianguka. Akiwa pale chini akainua macho, yakamtafuta Herieth.

"Uliniahidi."

Wapagazi wanne walimshusha usiku uleule, wamemfunga kwenye machela ya gurudumu.

Herieth alifika kileleni jua limeshachomoza. Barafu ilisimama pembeni kama ukuta wa ghorofa, buluu kwa ndani, ikidondosha matone. Wakampa bendera. "Cheka basi!" alipiga kelele Daniel, aliyekuwa na kamera. Herieth akalia. Wenzake wakampigia makofi, wakidhani ni furaha.

Hospitalini Moshi daktari alisema ubongo wa Badriya ulikuwa umeanza kuvimba. Angepanda saa chache zaidi, ingeshushwa maiti. Habari zikafika Dar kabla yao. Mzee Audax akamsifu Herieth mbele ya klabu nzima. Mama yake Badriya akamshika mikono yote miwili, akasema, "Umenirudishia mtoto wangu," na kila shukrani ilimchoma kama mwiba.

Alivumilia wiki mbili. Jumamosi moja akaenda Mbezi Beach. Akamwamkia mama, akakaribishwa barazani alipokuwa Badriya, amekonda kidogo.

"Siku ile sikukusemea nikuokoe," Herieth alisema hata kabla hajakaa vizuri. "Sikujua kama ungekufa. Nilikuwa nakuonea wivu. Bendera, picha, sifa zile za Wilfred. Nilitaka ushuke."

Badriya aliinua macho, akamtazama.

"Najua," akasema. "Kichwa kilikuwa kimevurugika, lakini uso wako niliuona."

"Mbona hujamwambia mtu?"

"Nimwambie nini? Kwamba aliyeniokoa alikuwa hanitaki?" Akavuta mtandio. "Unajua kinachoniuma? Ingekuwa wewe ndiye umeniomba, wallahi ningenyamaza. Ningekupenda hadi ukafa."

Herieth akalia. Badriya hakumkumbatia.

"Sijakusamehe, Herieth. Nakushukuru, na nina hasira na wewe, na sijui nianze na lipi."

Mama akaleta kahawa na visheti, akamwita tena Herieth mwanangu, akaingia ndani. Walikunywa bila kutazamana. Kisha Badriya akaweka kikombe chini.

"Haya niambie. Kule juu kukoje?"

Herieth akamweleza. Ile barafu, buluu yake, mawingu yaliyotandazwa chini kama pamba, jinsi hewa ilivyokuwa haitoshi na bado mtu hataki kushuka. Badriya alisikiliza bila kupepesa, midomo imebana, na machoni mwake Herieth akaona kitu alichokifahamu vizuri sana.

Akasita.

"Endelea," Badriya akasema. "Usinifiche hata moja."